Mungu, Darubini na Maswali Yenu

Shikamoo. Mwalimu wetu wa fizikia anasema ulimwengu ulitokana na Mlipuko Mkuu, kwa hiyo Mungu hana nafasi tena. Ni kweli? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Muulize mwalimu, kwa adabu, kama anajua kwamba wazo hilo lilitoka kwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alikuwa padri wa Kikatoliki na mwanafizikia. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ukiufuata kinyumenyume utafika mahali ambapo vyote vilikuwa kitu kimoja kilichoshindiliwa, akakiita atomu ya mwanzo. Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Kiingereza asiyeamini Mungu, aliipinga nadharia hiyo. Na yeye ndiye aliyeipa jina la Mlipuko Mkuu, akizungumza redioni mwaka 1949. Jina la mpinzani ndilo lililobaki!

Sasa sikia kisa chenyewe. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitangaza kwamba elimu hiyo mpya inashuhudia uumbaji. Ungedhani padri wetu angeshangilia, kumbe alikereka. Kwake nadharia ilikuwa fizikia tu, mwamini na asiyeamini wakaitumia sawasawa. Na nadharia hubadilika, sasa imani iliyofungwa kwenye nadharia itakwenda wapi siku ikibadilika? Umri wa ulimwengu tumeupima, ni takriban miaka bilioni 13.8. Kwa nini upo badala ya kutokuwepo, hilo sijaona chombo cha kulipimia.

Mbona wanasayansi wakubwa hawaamini Mungu? (Msomaji, Nairobi)

Wasioamini ni wengi, sitakuficha. Ila tazama Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1979. Waligawana watu watatu, wakiwemo Abdus Salam wa Pakistan na Steven Weinberg wa Marekani, kwa kuonyesha kwamba nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu iliyo ndani ya kiini cha atomu zina asili moja. Salam aliishika dini yake: kwenye karamu ya tuzo kule Stockholm alisoma aya za Surat al-Mulk ya Kurani zinazomwambia mtu aitazame mbingu, arudie tena kutazama, kama ataona kasoro. Weinberg hakuamini Mungu na alisema hivyo waziwazi. Hesabu zilezile, tuzo ileile. Lingekuwa swali la hesabu, mmoja wao angegundua mwenzake kakosea kujumlisha.

Eti Gagarin, yule Mrusi aliyekuwa mtu wa kwanza kwenda angani, alifika huko akasema hakumwona Mungu? (Msomaji, Mwanza)

Maneno hayo hayamo katika mazungumzo yaliyorekodiwa ya safari yake ya tarehe 12 Aprili 1961. Hata angeyasema, alipanda kilomita 327 hivi. Kwa basi, hapo hujafika hata Dodoma kutoka Dar.

Mama yangu alipona baada ya kuombewa. Daktari anasema ni dawa. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

Kwanza hongera kwa mama. Jambo hili liliwahi kupimwa Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2006: wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Miongoni mwa walioambiwa huenda wataombewa au hawataombewa, walioombewa hawakupata nafuu kuliko wenzao. Walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, labda kwa hofu: ukiambiwa watu wanakuombea, unajiuliza, kwani hali yangu ni mbaya kiasi hicho?

Waumini walijibu kwamba Mungu hapimwi kama panadoli. Nakubaliana nao, na mimi mwenyewe husali. Lakini basi tuwe wakweli: kama hapimwi mgonjwa anapozidiwa, tusimfanye ushahidi wa maabara mgonjwa anapopona. Daktari amesema kuhusu dawa kwa sababu dawa ndizo anazozijua. Wewe una la kushukuru, shukuru. Na tarehe ya kliniki ikifika, mpeleke.