Hela ya dawa ya zabibu

Mbukwenyi ndugu zangu wa Chang'ombe. Binti wa shangazi ameniuliza bila kuzunguka: "Kaka, si mnasema Denmark kuna hela? Mbona mwaka juzi hukutuma hata ya dawa ya kunyunyizia shamba la zabibu kule Hombolo?" Siku zote nilijibu "mambo magumu tu". Nilidanganya.

Niliumwa kichwa, na si kile cha Panadol. Kwanza wiki tatu silali, nina nguvu kama jini, naomba zamu zote ghalani, nanunua baiskeli tatu kwa mkopo (ndizo zile za kwenye picha, mkanisifu). Halafu nikazimika. Siku nne sijaoga, simu ya msimamizi inaita, naitazama.

Daktari huku humlipi, dawa unachangia, na bosi haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini. Kwa hiyo aliyenichelewesha si Mzungu. Ni neno Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Dodoma tumekua nalo: ukicheka peke yako, "huyu katoroka Mirembe". Nikajificha miezi mitano, mkataba ukaisha nikiwa chini ya blanketi. Ndipo nikaenda, nikaambiwa ni baipola, ugonjwa wa akili unaokupandisha juu kupita kiasi kisha unakuzamisha.

Kuna wachumi waliofukua kumbukumbu za mishahara ya Denmark. Wenye baipola hupata asilimia 38 pungufu ya watu wengine. Wenye sonona, huzuni ile nzito isiyoondoka, 34. Wenye skizofrenia, ule wa kusikia sauti zisizokuwepo, 74. Lithiamu, dawa ya baipola, iliporuhusiwa huku mwaka 1976 itumike kuzuia ugonjwa usirudi, waliokuwa bado vijana walipungukiwa kidogo kuliko waliowatangulia: dawa ilifuta kama theluthi ya pengo lile la baipola.

Theluthi, si lote. Hapo ndipo nilipo. Nameza lithiamu, napimwa damu mara kwa mara, vidole vinatetemeka kidogo. Kazi nimepata, ila zamu za usiku nimeziacha maana nikikosa usingizi yale ya baiskeli yanarudi, na usiku ndiko kulikokuwa na posho nono. Ndiyo maana laki tatu niliyokuwa nawatumia imekuwa laki na nusu. Sijaoa mtu kwa siri, kama anavyosambaza mjomba.

Dada, hela ya zabibu inakuja tarehe 3, nusu. Na yule mdogo wetu aliyeacha bodaboda akajifungia ndani tangu Pasaka, mnayesema ni mvivu: mpelekeni Mirembe, ni hapo hapo mjini. Dawa zake nitalipa mimi.