Kuhama ICD-10 kwenda ICD-11: maswali ya wenye zahanati na kliniki

ICD-11, toleo jipya la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unaokipa kila ugonjwa msimbo wa herufi na namba, ilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022. Kila nchi inahamia kwa ratiba yake, na kampuni za bima nazo haziendi mwendo mmoja. Maswali ya safari hii yametoka kwenye vituo vinavyotaka kujiandaa kabla waraka wenye tarehe ya kuhama kutoka ICD-10, toleo la zamani, haujawafikia.

Nina zahanati yenye tabibu mmoja, wauguzi wawili na mhudumu wa mapokezi anayejaza madai ya bima. Siwezi kuajiri mtaalamu wa misimbo. Nianzie wapi?

Usianze na orodha nzima, utachoka kabla ya sura ya pili. Toa madai ya miezi mitatu iliyopita, panga magonjwa kwa wingi wake, kisha chukua 40 ya juu. Tafuta msimbo mpya wa kila moja kwenye zana ya WHO ya kutafutia misimbo. Iko mtandaoni na ni bure. Bandika karatasi hiyo mapokezi na chumba cha daktari.

Kazi yenyewe iko chumba cha daktari. Chukua malaria. Msimbo 1F40 ni malaria ya falciparum, 1F45 ni malaria ambayo haikuthibitishwa kwa kipimo. Tabibu akiandika "malaria" basi, wa mapokezi ana njia mbili: abahatishe, au akimbilie msimbo unaoishia na Z, maana yake "haikufafanuliwa". Z moja moja haina ubaya. Mwezi mzima wa Z ndio unaowaita wakaguzi wa bima. Kwa hiyo kaeni na tabibu, mpitie zile 40 mstari kwa mstari, mkubaliane ni maneno gani lazima yawepo kwenye faili: majibu ya kipimo, aina ya kimelea, upande wa mwili, kama ugonjwa ni wa ghafla au wa muda mrefu. Hata aina ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) iandikwe, kwa sababu inayosoma falciparum pekee na inayosoma vimelea vya aina zote hazitoi jibu moja.

WHO wana jedwali la kubadilisha ICD-10 kuwa ICD-11. Si tulitumie tu, yaishe?

Litumieni, lakini yasiishie hapo. Presha ya kawaida inahama bila shida: I10 inakuwa BA00. Kiharusi kisichojulikana aina yake, I64, kinakuwa 8B20, ila kimehama kutoka sura ya moyo na mishipa kwenda sura ya mfumo wa neva. Ripoti yenu inayojumlisha kwa sura itaonyesha magonjwa ya moyo yamepungua ghafla, na hakuna aliyepona.

Ugumu uko kwenye mstari mmoja unaogawanyika. VVU sasa inaulizwa kwanza: pamoja na kifua kikuu (1C60), pamoja na malaria (1C61), au bila kutajwa hayo mawili (1C62). Kisukari cha aina ya 2 kilichoharibu retina, ambacho ICD-10 iliweza kukibeba kwa msimbo mmoja, sasa huandikwa kwa misimbo miwili iliyounganishwa: 9B71.0Z/5A11. Jedwali halijui mgonjwa wako ana lipi. Kanuni tunayoipendekeza: msimbo wenye makao mapya mamoja, upokeeni, wenye zaidi ya moja, urudi kwa tabibu.

Fundi wa programu yetu anasema ni kubadilisha orodha ya magonjwa tu, kazi ya nusu siku. Ni kweli?

Muulize kwanza uwanja wa msimbo unapokea herufi ngapi. Mvunjiko wa katikati ya fupa la paja la kushoto ni NC72.5&XK8G, herufi 11 pamoja na alama zake. Uwanja wa herufi saba utahifadhi NC72.5& na kutupa upande wa mguu, tena kimyakimya. Upe uwanja huo nafasi ya herufi 100, haigharimu kitu.

Pili, alama za & na /. Madai yakitumwa kwa faili la XML (muundo wa maandishi ambao kompyuta hutumiana data), & isipoandikwa kama & faili zima linaweza kukataliwa. Tatu, misimbo inayoanza na X ni ya nyongeza: haisimami peke yake, na programu iikatae ikija bila msimbo mkuu. Nne, Excel. Andika 1E50, homa ya ini kali ya virusi, nayo itaugeuza kuwa 1.00E+50 ikidhani ni namba. Safu hiyo ipangwe kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote. Tano, kila rekodi ionyeshe ni ya toleo la 10 au la 11, na za zamani zisifutwe wala kutafsiriwa.

Nusu siku, labda ya kunywa chai.

Daktari wetu anaandika misimbo kwa mkono. Kuna hatari?

Ipo. WHO waliondoa herufi O na I, hivyo duara ni sifuri siku zote. Lakini B na 8 zimebaki: BA00 ni presha, 8A00 ni ugonjwa wa kundi la Parkinson. Aandike jina la ugonjwa, msimbo uwekwe kwenye kompyuta.

Misimbo ya upasuaji na taratibu nyingine inabadilika pia?

ICD-11 haibebi taratibu za matibabu. WHO wana uainishaji mwingine kwa kazi hiyo, ICHI, wenye msimbo wa herufi saba: tatu za kiungo au kinacholengwa, mbili za kitendo, mbili za njia. Bima yako isipokuagiza, endelea na namba za orodha yao ya bei. Wanaosoma mafunzo ya Marekani huchanganyikiwa hapa: mwaka 2015 ICD-10-PCS, misimbo ya Marekani ya taratibu za matibabu, ilikuja kwa wagonjwa waliolazwa hospitali tu, kliniki zikabaki na CPT, orodha nyingine ya Marekani ya misimbo ya huduma.

Mgonjwa akilazwa kabla ya siku ya kubadili na kutoka baada yake, tunatumia ipi?

Marekani ilipohamia ICD-10, Oktoba 1, 2015, aliyelazwa alifuata tarehe ya kutoka, na wa nje alifuata tarehe ya huduma. Siku ya kutuma madai haikuhesabiwa. Bima yako ikupe kanuni yake kwa maandishi, na usichanganye matoleo mawili kwenye fomu moja. ICD-10 iendelee kufanya kazi kwenye programu hadi dai la mwisho la zamani lilipwe.