Kiwanda kidogo cha mvinyo cha familia: niliyojifunza kwa mzee wa Kikroatia huko Sonoma

Mkuu mleta mada, umeuliza kama familia yenye ekari 3 za mizabibu Hombolo, Dodoma, inaweza kuacha kuuza zabibu kwa kilo ikatengeneza mvinyo yenyewe, wakati mtaji wa kiwanda haina. Naona wengi wamekuja na bei za mashine. Mimi naleta niliyoyaona kwa macho. Nilifanya kazi misimu mitatu ya mavuno, 2010 hadi 2012, kwa familia moja huko Sonoma, California. Mwenye mali ni mzee mhamiaji kutoka Kroatia, jina lake nalihifadhi.

Inawezekana. Na kitakachokuangusha, kama utaanguka, ni uchafu na haraka. Mashine utazipata tu.

Mzee alizaliwa rasi ya Pelješac, kusini mwa Kroatia. Kwao mizabibu imeshikilia miteremko mikali ya Dingač, jua linapiga juu na bahari inarudisha mwanga kutoka chini. Zamani zabibu zilivushwa mlima kwa punda, mpaka miaka ya 1970 wanakijiji walipotoboa handaki la mita 400 hivi. Kwa hiyo alipofika Marekani, kazi ya shamba haikuwa ngeni kwake. Kigeni kilikuwa lugha na benki.

Ofisini alibandika picha ya Mkroatia mwenzake, Miljenko Grgich, ambaye Wamarekani walimwita Mike. Huyu alizaliwa Desne mwaka 1923, akafika Napa, bonde la mvinyo jirani na Sonoma, mwaka 1958 akiwa na sanduku dogo na dola chache. Chardonnay aliyoitengeneza katika kiwanda cha Chateau Montelena, ya mavuno ya 1973, ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza kwa mvinyo mweupe kwenye shindano la kuonja huko Paris mwaka 1976, mbele ya majaji wa Kifaransa. Mwaka uliofuata akaanzisha kiwanda chake pamoja na mshirika wake, Austin Hills. Watu husimulia ule ushindi. Mzee wangu alisimulia ile miaka 19 ya kuosha mapipa ya watu wengine kabla ya kuwa na lake.

Na kuosha ndiko nilikoanzia. Wiki ya kwanza sikugusa zabibu hata moja. Nilisuuza mipira ya maji, pampu, kreti, sakafu, nikarudia. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda moja, matangi manne ya chuma kisichoshika kutu na mapipa kama 60 ya mbao za mwaloni (oak). Pipa la lita 225 linatoa chupa 300 hivi, piga hesabu. Mama mwenye nyumba alishika daftari na wageni, kijana wao aliendesha trekta na gari la kupeleka mzigo. Wafanyakazi wa nje tulikuwa wawili, tena wakati wa mavuno tu.

Msimu wa pili nilipewa kazi ya kujazia mapipa. Mvinyo hupungua taratibu kupitia mbao, hewa ikaingia juu yake, na bakteria wa siki wanangoja hewa hiyo hiyo. Mapipa mawili ya nyuma yalikuwa na vizibo vigumu kufikiwa, nikayaruka, nikijiambia nitayarudia. Sikuyarudia. Baada ya wiki kadhaa moja lilinuka siki na rangi ya kucha. Mzee hakunifokea. Alinipa glasi, akaniambia ninuse polepole, kisha tukalimwaga pamoja. Chupa 300, kazi ya mwaka mzima ya mizabibu ile, zikaingia mferejini. Hadi leo nikipita karibu na tangi ambalo halijajaa, tumbo linanikata.

Oktoba ya 2011 mvua ilitushika zabibu zikiwa bado juu. Zinfandel, aina ya zabibu nyekundu tuliyovuna pale, ina ganda jembamba na vichala vilivyobanana, na kichala kimoja unakuta punje zilizosinyaa kama zabibu kavu ziko pamoja na za kijani. Maji yakiingia humo, kuvu haichelewi. Tulikaa mezani kuchambua kwa mkono mpaka saa nane usiku, familia nzima, hata wajukuu waliotakiwa kulala. Karibu theluthi ilitupwa. Angeweza kuifunika harufu kwa kuchanganya na mvinyo wa mwaka uliopita, na asingejulikana. Alikataa, akauza kidogo mwaka ule. Kwangu hapo ndipo tofauti ya kiwanda cha familia ilipo: jina lililo kwenye lebo ndilo la watoto wake.

Habari ya Zinfandel nisiiache. Wamarekani waliiona yao kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2001 Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akishirikiana na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Zagreb, alithibitisha kwa vinasaba kuwa ni mzabibu ule ule wa Kikroatia uitwao Crljenak Kaštelanski, uliokuwa umebaki miche michache sana karibu na Split. Plavac Mali, mzabibu wa kwao mzee, ni mtoto wake. Miaka yote hiyo alikuwa anampogoa ndugu wa nyumbani bila kumjua. Akilisimulia hilo sauti yake ilibadilika.

Sasa soko. Sehemu kubwa aliuza mlangoni pake. Jumamosi wageni walikuja, mama akawawekea mkate, jibini na samaki wadogo wa chumvi, wakaonja, wakaondoka na chupa sita au kumi na mbili, na mwaka unaofuata wakarudi na wenzao. Wewe ulivyo karibu na Dodoma mjini, na treni ya SGR inashusha watu kutoka Dar kila siku, wageni unao. Anza na kibali cha TBS (shirika la viwango) na stempu za TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kununua hata chupa moja. Unayo pia nafasi ambayo mzee hakuwa nayo: kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ukikosea unajaribu tena baada ya miezi michache.

Tafadhali sana, wakati mvinyo unachachuka usiingize kichwa wala kumteremsha kijana ndani ya tangi. Hewa ya ukaa hukaa chini, haina rangi, na inaua kimya kimya. Milango wazi, feni iwashwe, na asiwepo mtu peke yake.

Uliuliza pia kama ununue mapipa ya mwaloni. Usinunue kwa sasa. Ni ghali, yanakunywa mvinyo, na joto la Dodoma litayakausha usipokuwa na chumba cha baridi. Chukua matangi mawili ya chuma kisichoshika kutu au ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaoshuka pamoja na mvinyo, kipima sukari, na mpira wa maji wenye nguvu. Zabibu za nusu ekari zitoshe kwa msimu wa kwanza, zilizobaki uza kwa kilo kama kawaida.