Filamu ya kumwonyesha kijana anayetafuta njia yake

Ndugu yangu, umeuliza filamu gani inaweza kumfaa mwanao wa miaka 15 ambaye kila akiulizwa anataka kuwa nani hunyamaza. Mimi ningekushauri mtazame pamoja The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia ameigiza kama baba. Inasimulia kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa eneo la Wimbe nchini Malawi, aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002, akajifunza mwenyewe maktabani hadi akaunda mtambo wa upepo kwa vyuma chakavu. Anayemwigiza ni Maxwell Simba, kijana wa Kenya.

Kinachonigusa zaidi ni baiskeli. Mtambo hauwezi kukamilika bila baiskeli ya baba, nayo ndiyo mali pekee ya maana iliyobaki nyumbani, kwa hiyo baba anakataa kwa hasira, na mtoto anabaki na ujuzi ambao hakuna mkubwa anayeuamini. Hapo ndipo vijana wengi walipo. Mama ndiye anayemsihi mumewe, na baba anapoikabidhi hatimaye ili ikatwe, uso wake unaonyesha wazi kwamba bado ana hofu.

Zipo sehemu nzito za njaa na msiba, kwa hiyo usimwache aitazame peke yake. Ikiisha, muulize angeomba nini kwako.