Maswali na Majibu: Simu za Kichina zinazodai kutoka ubalozini

Naishi Minneapolis na Kichina sijui hata neno. Kila wiki napigiwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, anaongea Kichina kisha anataka nibonyeze tarakimu. Nimezuia namba zaidi ya kumi na bado wanapiga. Wamenipataje? — Msomaji, Minnesota

Hawakukutafuta wewe, ndugu. Kompyuta inapiga maelfu ya namba kwa gharama ndogo mno, bila kujua anayepokea anaongea lugha gani. Wasomaji wa Tanzania wanaujua mchezo huu kwa sura ya "ile hela itume kwenye namba hii": ujumbe unarushwa kwa kila mtu, ukitegemea kumkuta mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela. Hapa Kimandarini chenyewe, yaani Kichina rasmi, ndicho chujio. Asiyekijua anakata, na anayebaki kwenye laini ni mtu wa asili ya China, huenda ana pasipoti au viza inayoshughulikiwa kweli. Ukisikiliza utasikia *dashiguan* (ubalozi) au *lingshiguan* (ubalozi mdogo), na *baoguo*, yaani kifurushi.

Kuzuia namba hakusaidii sana, kwa sababu namba unayoiona ni ya kubandikwa na hubadilika kila mara. Uliyemzuia huenda ni mtu asiye na habari. Usibonyeze chochote, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya kujiondoa kwenye orodha, maana kubonyeza kunawajulisha kwamba laini ina mtu. Kwenye iPhone, washa mpangilio wa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, ila kwanza hifadhi namba za shule ya watoto, hospitali na kazini, la sivyo nazo zitaishia kwenye ujumbe wa sauti. Kisha ripoti kwenye donotcall.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kukataa simu za kero.

Namhudumia bibi wa Kichina huko Flushing, New York. Juzi alikaa kwenye simu saa nzima akitetemeka, akajifungia chumbani. Baadaye nilitazama simu yake: namba ilikuwa ya ubalozi mdogo wa China, nikaitafuta mtandaoni ikalingana. Nitajuaje kama ni kweli? — Mhudumu wa nyumbani, Queens

Dada yetu, kulingana kwa namba si ushahidi. Matapeli wenyewe humwambia mtu "itafute namba hii mtandaoni" kwa kuwa wanajua italingana. Kampuni kubwa za simu Marekani zimelazimika tangu Juni 30, 2021 kuzipiga simu muhuri wa kidijitali unaoonyesha kama mpigaji ana haki ya namba anayoitumia. Lakini simu inayoingia kutoka nje ya nchi mara nyingi hupata muhuri wa daraja la chini kabisa, na ikipitia mtambo wa zamani muhuri hupotea. Hata alama ya "imethibitishwa" inahusu namba tu. Haisemi kama aliyepiga ni mwaminifu.

Mpango wao una hatua zinazojirudia. Rekodi inasema kuna kifurushi au hati. Ukibonyeza, "afisa" anauliza jina, tarehe ya kuzaliwa na pasipoti, kisha anasema jina lako limetumika kwenye utakatishaji fedha. Anakuunganisha na "polisi wa Beijing" au Shanghai. Hapo maongezi yanahamia kwenye video, mtu amevaa sare, na inatumwa hati ya kukamatwa yenye picha yako. Halafu linakuja sharti lililomfungia bibi yako mlango: kesi ni ya siri, usimwambie mtu, hata mwanao. Sharti hilo ndilo moyo wa wizi huu. Mtu akibaki peke yake na sauti hiyo kwa siku mbili, atatoa akiba yote. Mwaka 2018 polisi wa New York walieleza kuwa wahamiaji wa Kichina zaidi ya 20 walikuwa wamepoteza zaidi ya dola milioni 2 katika miezi michache.

Kwa hiyo usianze kwa kubishana naye. Anaogopa kufungwa, na huenda anaamini anakulinda wewe kwa kunyamaza. Mpigie mwanawe au jirani anayeongea Kichina, aje uso kwa uso, na aseme wazi neno *pianzi*, tapeli. Kisha wapige wenyewe, kwa simu nyingine, namba ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya China: +86-10-12308. Balozi za China zimetangaza mara nyingi kwamba haziulizi taarifa za benki kwa simu, na polisi wa China hawatoi hati ya kukamatwa kwa video.

Ni kweli matapeli hawa waliwahi kuwa Nairobi? — Msomaji, Kenya

Ni kweli kuwa lilikuwapo kundi la aina hii. Mwishoni mwa 2014 nyumba iliungua Runda, mtaa wa Nairobi, na polisi wakawakamata Wachina 77. Aprili 2016 Kenya iliwapeleka China washukiwa wa utapeli wa simu, 45 kati yao wakiwa wa Taiwan, jambo lililozua mgogoro wa kidiplomasia kati ya Taiwan na China. Hao walituhumiwa kuwalenga watu walioko China.

Rafiki yangu mwanafunzi ametuma pesa Hong Kong asubuhi hii kupitia benki. Tufanye nini? — Msomaji, New Jersey

Acheni kusoma, pigeni benki sasa hivi. Ombeni kitengo cha utapeli na mseme mnataka pesa zirudishwe. Kwa kawaida mteja wa Marekani anayetuma pesa nje ana dakika 30 za kufuta bila gharama, ikiwa hazijapokelewa. Zikishapita, jazeni leo hii fomu ya FBI kwenye ic3.gov mkiweka jina la benki iliyopokea, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT (unaoitambulisha benki kimataifa), kiasi na saa. Baada ya saa 72 nafasi inapungua mno.

Msifute ujumbe wala picha za ile hati. Kama alitaja namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho wa Marekani, afunge taarifa zake za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu, ni bure. Na wiki chache baadaye atapigiwa na "wakili" anayeahidi kuzirudisha pesa kwa ada. Huyo naye akatiwe simu.