Kuvuta bangi siku ya off na kupimwa kazini
Mkuu, umeuliza kama dereva aliyevuta bangi siku ya off anaweza kufukuzwa kipimo cha kazini kikimkamata: anaweza, hata kama alivutia kwake Jumamosi. Kwetu Tanzania bangi ni jinai kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, haina cha saa za kazi wala off. Hao mnaowatolea mfano kwamba hawafukuzwi ni wa California, Marekani, huko tangu Januari 2024 mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa mabaki tu yaliyoko kwenye mkojo, na bado watu wa ujenzi wameachwa nje. Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye yadi ya malori Kizota, nimeona mtu anapewa kikopo cha mkojo Jumanne asubuhi, macho meupe, kaongea vizuri tu, na kipimo kikasoma bangi ipo, maana kwa mvutaji wa kila siku mabaki yanakaa hata wiki tatu nne, hayasemi kama kalewa sasa hivi. Ila wasimfukuze kienyeji, sheria ya ajira ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu, aitwe kikao ajitetee, wakiruka hapo aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 30 asizembee. Mimi ningeanza na kuuliza kama sera ya kampuni kuhusu madawa ya kulevya alishawahi kuonyeshwa.