Mvua na makinda wa kiota cha dirishani

Ndugu, umeuliza kama mvua hii ya mfululizo itawadhuru makinda walioanguliwa juzi dirishani kwako, na kama uwawekee taa wapate joto. Taa hapana, utawaunguza bure. Kinda wa siku za mwanzo, ngozi tupu na macho yamefumba, hawezi kujitunzia joto. Anategemea kufunikwa na mzazi. Hapo ndipo mvua inapouma: wadudu hujificha, na mzazi inabidi achague kuatamia au kwenda kutafuta chakula. Hali ikiendelea, makinda hudumaa, mabawa huchelewa kukua, na wengine huondoka kiotani wakiwa na uzito mdogo mno, hivyo nafasi yao ya kuishi hupungua. Wakishaota manyoya hustahimili zaidi. (Jua kali nalo si rafiki: ukiwaona wameachama wanahema, wanapoteza maji.)

Wewe kaa mbali ili mzazi asisite kurudi. Usiwadondoshee maji mdomoni, yanaweza kuingia mapafuni. Mmoja akianguka naye ni mzima, mrudishe. Harufu ya mkono wako haitamfanya mama amkatae. Mzazi asipoonekana kwa saa kadhaa mchana, piga simu kwa wataalamu wa wanyamapori.